Majina ya Kusomwa Tarehe 17 Mei

Kila mwaka tarehe 17 Mei nchi yetu huadhimisha siku ya majeshi. Katika miji ya Kongo viongozi hupanda jukwaani, askari hupita kwa gwaride, na hotuba husomwa kuhusu waliomwaga damu kwa ajili ya taifa. Mimi ni mwalimu wa historia katika shule moja ya sekondari ya komini ya Kadutu, hapa Bukavu, na kwa miaka kadhaa, hadi vita viliporudi mjini mwanzoni mwa mwaka 2025, nilikuwa nikiwasaidia askari wastaafu wa mtaa wetu kuandaa sehemu yao ya siku hiyo. Hawakuniomba hotuba. Waliniomba orodha: majina ya wenzao waliokufa, yaandikwe vizuri, kisha yasomwe mbele ya watu. Kazi hiyo imenifunza karibu yote ninayoyajua kuhusu namna ya kumheshimu mtu aliyepigana vita, nami naieleza hapa kwa ajili ya wale wenye wazee kama wetu karibu nao. Majina yenyewe sitayaandika, kwa sababu ya nyakati tulizo nazo na kwa sababu ni mali ya familia.

Ugumu wa kwanza umo katika tarehe yenyewe. Tarehe 17 Mei 1997 ndiyo siku wapiganaji wa AFDL, muungano wa waasi wa Laurent Kabila, walipoingia Kinshasa na utawala wa Mobutu ukaanguka. Jeshi lililoshindwa siku ile nalo lilikuwa jeshi la nchi hii, yaani FAZ, jeshi la Zaire, na sehemu kubwa ya wazee wanaoketi kwenye viti vya mbele wakati wa sherehe walivaa sare ya FAZ kwa miaka ishirini au zaidi. Jeshi letu limebadilishwa jina mara nyingi. Lilikuwa Force Publique ya Wabelgiji hadi uhuru wa mwaka 1960, likawa ANC, yaani Armée Nationale Congolaise, likawa FAZ kuanzia mwaka 1971, likawa FAC baada ya Mobutu kuondoka, na baada ya mapatano ya amani ya mwaka 2002 likawa FARDC tunayoijua leo. Kila jina jipya lilikuja na wakubwa wapya na masimulizi mapya ya ushujaa, na kila mara waliotumikia chini ya jina lililopita walikuta kwamba masimulizi hayo hayawahusu.

Sajini mmoja wa zamani wa FAZ ndiye aliyenifungua macho juu ya jambo hili. Alikuwa amepelekwa Shaba, yaani Katanga, wakati wa vita vya Kolwezi vya mwaka 1978, kisha akawa miongoni mwa askari ambao Zaire iliwatuma Chad mwaka 1983. Nilimuuliza kama angependa kusema machache tarehe 17 Mei, naye akanyamaza kwa muda mrefu kabla ya kujibu. "Mwalimu," aliniambia, "siku ile yenyewe mimi nilikuwa Kinshasa. Nilivua sare yangu nikavaa suruali ya kijana wa jirani ili nipite barabarani bila kuuawa. Sasa kila mwaka ninaketi na kuipigia makofi siku hiyohiyo. Ninapiga makofi kwa sababu ni siku ya jeshi, na mimi ni mtu wa jeshi. Lakini wale tuliowazika kule Shaba, watatajwa lini?" Hakuwa akimlilia Mobutu, na hakuwa akiwachukia waliomshinda. Mtoto wake mwenyewe aliingia FARDC baadaye. Alichokitaka ni kwamba kifo cha rafiki zake kisifutwe kwa sababu serikali waliyoitumikia iliangushwa.

Maneno yake yaliamua jinsi orodha ilivyopangwa. Baada ya mabishano marefu, ambayo mara nyingine yaliendelea hadi giza likaingia na mama wa nyumba akaleta taa, wazee walikubaliana kwamba majina yasipangwe kwa kufuata majeshi bali kwa kufuata vita. Uamuzi huo ulikuwa wa busara kubwa, na ulitoka kwao wenyewe. Askari wa Agosti 1964, waliokuwa na kanali Léonard Mulamba alipoutetea mji wa Bukavu dhidi ya waasi wa Simba, walipata ukurasa wao. Waliokufa mwaka 1967, wakati mamluki wa Jean Schramme walipoushika mji kuanzia Agosti hadi walipofukuzwa kuvuka Ruzizi mwezi Novemba, walipata wao. Vita vya Shaba vya 1977 na 1978 viliwekwa pamoja. Kisha ikaja 1996, ikaja 1998 na miaka iliyofuata, ikaja Juni 2004, pale makamanda waasi Laurent Nkunda na Jules Mutebutsi walipouteka mji kwa muda wa wiki moja na jenerali Félix Mbuza Mabe akaurudisha. Watu wa Bukavu bado wanawataja Mulamba na Mbuza Mabe kwa upendo, na wanastahili. Lakini makamanda tayari wana picha zao, wana viwanja na barabara zenye majina yao, na mtoto yeyote wa shule anaweza kuwauliza wakubwa habari zao. Orodha yetu ilikusudiwa kwa wale waliobeba bunduki chini yao, ambao mara nyingi hata kaburi lao halijulikani liko kilima gani.

Ukurasa wa miaka ya 1998 hadi 2003 ndio uliotutesa zaidi. Wakati ule Bukavu ilikuwa chini ya RCD, waasi waliosaidiwa na Rwanda, na vijana wa mtaa mmoja, wengine waliobatizwa siku moja katika parokia moja, waligawanyika: huyu akachukuliwa katika jeshi la RCD, yule akaenda msituni kwa wanamgambo wa Mai-Mai, na mwingine aliyekuwa Kinshasa akabaki katika jeshi la serikali. Vita vilipokwisha, waliobaki hai walichanganywa katika kambi za mafunzo na wote wakawa askari wa FARDC. Je, wale waliokufa kabla ya kuchanganywa ni wa nani? Mzee mmoja alisema kwamba hataweza kusimama wakati jina la mtu wa RCD linasomwa, kwa sababu anajua nani aliyemchomea nyumba. Hakuna aliyemlaumu. Hatimaye ilikubaliwa kwamba majina ya miaka ile yasomwe kwa mitaa, si kwa pande, na kwamba jina lolote lisilokubaliwa na majirani wa marehemu lisiingizwe. Baadhi ya majina hayakuingia. Naona walifanya sawa, kwa sababu majirani ndio wanaojua aliyetetea na aliyepora, na heshima inayolazimishwa juu ya watu waliojeruhiwa huwaumiza mara ya pili.

Kuhusu vita vya zamani zaidi, kazi iliangukia mikononi mwa wanafunzi wangu. Kambi kubwa ya jeshi ya mji wetu inaitwa Kambi Saïo, na kila mtu wa Bukavu ameitaja maelfu ya mara: kuna soko la karibu na kambi, kuna kituo cha pikipiki, kuna watu waliozaliwa humo. Nilipouliza darasani jina hilo lilitoka wapi, wengi walidhani ni la chifu wa zamani au la mto fulani. Kumbe ni la mji ulioko magharibi ya Ethiopia, ambako mapema mwezi Julai 1941 majeshi ya Italia yaliyoongozwa na jenerali Pietro Gazzera yalisalimu amri mbele ya askari wa Force Publique kutoka Kongo. Askari hao walikuwa wamepitia Sudan, wakaitwaa Asosa mwezi Machi mwaka huohuo, kisha Gambela, na hatimaye wakakaa miezi kwenye miinuko ya Saïo wakiwa na chakula kidogo, huku mvua ikikata njia za kuletea mahitaji, na wengi wao wakiugua kuhara na beriberi kabla ya kupigwa na risasi yoyote. Aliyetangazwa kuwa mshindi ni jenerali Gilliaert, Mbelgiji. Walioteka mlima walikuwa Wakongo, wakiamrishwa kwa Lingala na kwa Kiswahili, na hakuna hata mmoja wao aliyeweza kuwa afisa, kwa kuwa cheo hicho kilikuwa cha Wazungu peke yao.

Wanafunzi walishangaa, halafu wakakasirika, halafu wakaenda nyumbani kuuliza. Hilo ndilo nililolitaka. Kijana mmoja alirudi na medali ya babu wa babu yake, iliyofungwa katika kitambaa cha kitenge, ambayo familia ilikuwa ikiihifadhi pamoja na hati za shamba bila kujua ilitolewa kwa ajili ya nini. Msichana mwingine alileta habari ya ndugu wa bibi yake aliyekuwa mbeba machela katika hospitali ya jeshi iliyopelekwa hadi Burma. Hospitali hiyo ya Wakongo iliwahudumia majeruhi huko Burma katika miaka ya mwisho ya vita, karibu na askari wa Afrika Mashariki ambao lugha yao ya jeshini ilikuwa Kiswahili. Ninawaza mara nyingi juu ya mtu wa Kivu aliyelala majeruhi msituni upande wa pili wa dunia, akisikia mtu wa Nyasa au wa Tanganyika akimwita kwa lugha anayoielewa.

Vita hivyo havimo mbali sana kama tunavyofikiri. Mwezi Juni 2022, mfalme Philippe wa Ubelgiji alipoitembelea Kongo, alimvisha nishani huko Kinshasa koplo Albert Kunyuku, aliyetumikia Burma, ambaye wakati huo alikuwa na umri wa miaka 100. Niliwaonyesha wanafunzi picha ya tendo hilo. Walifurahi, na mmoja akauliza kwa nini alisubiri hadi afikishe miaka 100. Sikuwa na jibu la kumpa isipokuwa kumweleza yaliyotokea mwaka 1960: jinsi ambavyo askari wa Force Publique, baada ya kushinda Tabora na Saïo, walifika kwenye uhuru bila afisa Mwafrika hata mmoja, jinsi ambavyo kamanda wao Mbelgiji, jenerali Janssens, siku chache tu baada ya tarehe 30 Juni aliwaandikia ubaoni kwamba kabla ya uhuru na baada ya uhuru ni mamoja, na jinsi ambavyo waliasi. Ilibidi Lumumba amtafute kamanda mpya miongoni mwa waliokuwa wamestaafu, naye akamteua Victor Lundula, mpiganaji wa zamani wa Vita Vikuu vya Pili aliyekuwa meya huko Jadotville, Likasi ya leo. Kutoheshimu askari kwa wakati wake ni jambo lililoigharimu nchi hii tangu wiki yake ya kwanza.

Niliitaja Tabora, na hapo lazima nisimame, kwa sababu ndipo familia yangu inapoingia. Mwaka 1916 majeshi ya Kongo chini ya jenerali Tombeur yaliwashambulia Wajerumani kwa njia mbili. Kikosi cha kaskazini kilipitia Rwanda na kuingia Kigali mwezi Mei. Kikosi cha kusini, kilichoongozwa na Mdenmark aliyeitwa Olsen, kilivuka Ruzizi hapa kwetu, kikashuka Burundi hadi kwenye ziwa Tanganyika, na tarehe 19 Septemba Tabora ikatekwa. Vitabu husema mengi kuhusu bunduki na mizinga. Lakini hakukuwa na reli wala barabara ya gari kutoka Kivu hadi huko, wala farasi na punda walioweza kustahimili mbung'o, kwa hiyo kila sanduku la risasi, kila gunia la unga na kila kipande cha mzinga kilisafiri juu ya kichwa au bega la mtu. Kwa muda wote wa kampeni za Afrika Mashariki, wapagazi waliochukuliwa na upande wa Kongo walizidi 200,000, wengi wao wakichukuliwa kwa nguvu, na walikufa wengi kuliko askari, kwa njaa, baridi ya milimani na maradhi.

Baba wa bibi yangu alikuwa mmoja wao. Bibi alikuwa bado mtoto wa mgongoni baba yake alipochukuliwa kutoka Ngweshe, na habari aliyokuwa nayo aliipokea kwa mama yake: kwamba watu walikuja asubuhi wakati wa palizi ya maharage, kwamba alifungwa kamba na wenzake, na kwamba mmoja aliyerudi alisema alimwacha akiwa mgonjwa mahali fulani baada ya Usumbura, Bujumbura ya leo. Hakuwa na nambari ya jeshi. Hakuwa na cheo. Hakupewa medali wala hakuna karatasi iliyomtaja. Nilipopendekeza kwamba wapagazi waingizwe katika orodha, nilitegemea upinzani kutoka kwa askari, maana wanajeshi wote duniani hujali tofauti kati ya aliyebeba silaha na asiyebeba. Haikuwa hivyo. Yule sajini wa Chad alisema, kwa sauti ya mtu anayetoa amri, kwamba askari asiye na risasi na asiye na chakula ni maiti inayotembea, na kwamba aliyempelekea risasi na chakula amepigana. Tangu siku hiyo orodha yetu inaanza na wapagazi, na jina la baba wa bibi yangu husomwa miongoni mwa ya kwanza.

Sikuwa nimetarajia kwamba orodha ingekuwa na faida nje ya siku ya sherehe, lakini wajane ndio waliouona uwezo wake. Askari anapokufa, mara nyingi mke wake anatakiwa kuiacha nyumba ya kambini ili apewe askari mwingine, na hapo huanza safari ya kutafuta malipo ya marehemu, kutoka meza hadi meza, mara nyingine kwa miaka. Mama mmoja wa Panzi alikuwa ameambiwa katika ofisi moja kwamba faili la mumewe halionekani na kwamba alete watu waliotumikia naye. Angewapata wapi? Mume alikuwa amekufa mbali, na yeye alijua tu majina ya utani ambayo askari waliitana. Alipokuja kutuletea jina la mumewe kwa ajili ya tarehe 17 Mei, tulikuta kwamba wazee wawili wa orodha waliwahi kuwa katika kikosi kilekile, na mmoja alikumbuka hata rangi ya godoro alilokuwa akilalia. Walimsindikiza. Tangu hapo, kila tunapoandika jina la marehemu, tunaandika pia jina la kijiji chake, kikosi, mahali alipofia, na watu walio hai wanaoweza kushuhudia. Ukurasa uliokuwa wa kusomwa mara moja kwa mwaka ukawa ushahidi wa kutumika siku nyingine zote.

Kuna jambo ambalo mtu wa Bukavu hawezi kulikwepa anaposema juu ya heshima kwa askari, nami silikwepi. Mji huu umeporwa na watu wenye sare. Tunaikumbuka miaka ya 1991 na 1993, askari wa Zaire walipofungua maduka kwa risasi, tunaikumbuka 1996, walipokimbia huku wakichukua magari na magodoro ya watu, tunaikumbuka 2004, na wanawake wa Kivu Kusini wameteswa na watu wa kila jeshi na kila kundi lililopita hapa. Mwaka wa kwanza wa kusoma majina hadharani, mama mmoja alisimama katikati ya watu akauliza kwa nini wanaheshimiwa wale waliomwibia mashine yake ya kushonea. Vijana walitaka kumnyamazisha. Mzee aliyekuwa mwenyekiti wetu aliwakataza, akampa mama huyo nafasi aseme yote, kisha akasema mbele ya watu wote: "Mama, anayekuibia akiwa na sare ya nchi ameiibia nchi pia. Hakuna jina lake hapa. Na kama lipo, tuambie tulitoe." Mama aliketi. Sidhani kwamba aliridhika, na hakulazimika kuridhika.

Tangu siku hiyo ninaamini kwamba siku ya kuwaheshimu wapiganaji haipaswi kutumiwa kusafisha makosa yao. Kazi hiyo ni ya mahakama, na mahakama zimewahi kuifanya: mwezi Februari 2011 mahakama ya kijeshi iliyosafiri hadi Baraka ilimhukumu luteni kanali wa FARDC kifungo cha miaka 20 kwa ajili ya ubakaji uliotendwa na askari wake huko Fizi siku ya mwaka mpya. Waathirika nao wana siku yao. Sheria ya mwisho wa mwaka 2022 iliifanya tarehe 2 Agosti kuwa siku ya taifa ya kuwakumbuka waliouawa katika vita vya Kongo, nayo inakuja mara tu baada ya tarehe 1 Agosti, siku ya wazazi, ambapo tangu zamani familia zetu huamka mapema kwenda makaburini kusafisha na kupanda maua. Baadhi ya wazee wetu wa orodha huenda kwenye siku hizo mbili pia, na huenda bila medali. Hakuna aliyewaagiza.

Niseme kidogo kuhusu kuwasikiliza, kwa sababu wanafunzi wengi huliogopa jambo hilo. Nimewafundisha wasianze na mapigano. Mzee akiulizwa ghafla habari za kuua, hufunga mdomo, au hujibu kwa maneno ya hotuba aliyoyasikia kwingine. Anapoulizwa alizaliwa wapi, nani alimsindikiza siku alipoandikishwa, walikula nini, nani alikuwa mchekeshaji wa kikosi, majina huanza kuja yenyewe, na pamoja na majina huja mengine. Simu ya kurekodi isitolewe bila ruhusa. Mazungumzo yasifanywe jioni sana, kwa kuwa wapo wasiopata usingizi baada ya kusimulia, na wake zao ndio wanaokesha nao. Mke mmoja alituomba, kwa upole, tuje siku za asubuhi tu. Tukifika mahali mzee anaponyamaza, tunanyamaza naye. Wanafunzi wamejifunza kustahimili ukimya huo kuliko mimi nilivyojifunza katika umri wao.

Siku yenyewe ina mambo madogo yanayoonyesha kama heshima ni ya kweli. Mwezi Mei mvua bado hunyesha Bukavu, na milima yetu haina huruma kwa magoti ya mzee anayetoka Bagira au Panzi kwa miguu. Kwa hiyo wanafunzi walikusanya nauli za pikipiki, turubai ikafungwa juu ya viti vya wazee kabla ya kufungwa juu ya viti vya wakubwa, na chai ya moto ikatolewa walipofika, si mwishoni wakati wengi wameshachoka. Hotuba zilifupishwa. Majina yalisomwa na vijana, kila mmoja akiyasoma ya mtaa wake, polepole, pamoja na kijiji cha marehemu. Niliwataka wayafanyie mazoezi mbele ya familia ili wasiyakosee, maana jina la Kishi au la Kilega likitamkwa vibaya, familia haisikii kwamba ni mtu wao aliyetajwa. Jina likishasomwa, mtu wa familia huitika: "Yupo." Desturi hiyo waliileta wazee kutoka kwenye ukaguzi wa asubuhi kambini, na mara ya kwanza niliposikia mjane wa miaka themanini akiitika kwa niaba ya mumewe aliyekufa mwaka 1967, nilishindwa kuendelea kushika karatasi yangu.

Tangu Februari 2025, mji ulipoingia mikononi mwa waasi wa AFC/M23, hatujakusanyika hadharani. Yule sajini wa Chad amefariki, kwa ugonjwa, nyumbani kwake, na jina lake limeandikwa na mjukuu wake ambaye alikuwa mwanafunzi wangu. Daftari lina nakala, na nakala hizo hazikai nyumba moja. Kazi inaendelea nyumbani kwa watu, kwa mazungumzo ya wawili au watatu. Ukurasa wa Juni 2004 bado una mapengo, hasa ya askari waliotoka mikoa mingine na kufia hapa, ambao familia zao ziko Kikwit, Mbandaka au Kananga na hazijui nani aliwazika. Tunajua baadhi ya wenyeji waliowafunika kwa shuka zao na kuwachimbia kaburi, na tunaanza na hao. Wazee wamekata shauri pia kwamba ukurasa wa mwaka 2025 ufunguliwe sasa, usisubiri vita viishe, wakati mama wa marehemu bado anakumbuka kikosi cha mwanawe, jina la rafiki aliyepiga simu kuleta habari, na kilima alichotaja.